Chupa ya Pili ya Royce

Jumapili ile ya Februari nyumba ya Verlene ilikuwa imetulia tuli. Barazani theluji ilikuwa inayeyuka. Jikoni sufuria la maharage lilikuwa linatokota na kipande cha nyama ya nguruwe ndani yake, na mkate wa mahindi ulikuwa umeshatoka kwenye oveni. Baba yake, mzee Hershel, aliletwa kutoka nyumba ya kutunzia wazee ili ale na wanawe. Tessa, binti wa Verlene, alikuwa ameketi na mchumba wake Colby wakipanga harusi yao ya Aprili. Na Royce, mume wa Verlene, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, alikuwa amevua viatu, hana neno na mtu. Ndugu zangu, ishikeni vizuri picha hiyo, maana haikurudi tena.

"Harusi Aprili, basi Machi tunazika chupa," alisema mzee Hershel, akifuta mdomo. "Nani ataizika?"

"Wewe, Babu," alisema Tessa. "Nani mwingine?"

Hiyo ndiyo desturi yetu huku Kentucky. Mwezi mmoja kabla ya harusi, chupa nzima ya wiski, isiyofunguliwa, inazikwa kichwa chini pale pale watakaposimama maharusi, ili mvua isije. Siku yenyewe inafukuliwa, inanywewa na wote. Anayeizika ni mkubwa wa nyumba ya bibi harusi. Mzee Hershel aliizika ya Verlene kwa mkono wake, shambani kwake, na siku ya harusi jua lilichoma mpaka keki ikalegea.

"Daktari anasema moyo wangu huu sasa ni wa kuazima," mzee aliendelea bila huzuni yoyote. "Aprili siwaahidi. Lakini Machi nitafika. Nipeni Machi tu."

Verlene alimshika baba yake mkono. Ombi lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho.

Royce akakohoa. "Basi iwe Cutshaw."

"Iwe nini?" aliuliza mzee.

"Cutshaw, Baba. Ile ya miaka kumi na miwili. Binti yangu hawezi kuzikiwa takataka."

"Ile ya pale kituo cha mafuta ina ubaya gani? Mvua haisomi karatasi ya chupa."

Watu walicheka. Royce hakucheka, na Verlene aliliona hilo.

Cutshaw, kwa wasioijua, ni wiski inayotengenezwa mwendo wa saa mbili tu kutoka kwetu, na sisi ndio hatuioni. Mwaka ule ndiyo kabisa. Malori yaliishusha Louisville, yakaishusha Lexington, upande wetu wa mashariki yakapita na vumbi lake. Wengine walisema ghala limeungua, wengine walisema matajiri wameihodhi. Lakini uhaba haumkatishi mwindaji tamaa, unamwongezea wazimu. Wanaume wazima, wenye wajukuu, walijiunga na kundi la simu ambamo mchana kutwa waliambiana lori limeonekana wapi. Royce akajiunga nao.

Kabla ya wiki mbili kwisha, mtu alikuwa hawezi kumpata. Bi Maybelle wa kanisani alipiga simu mara tatu kwamba mtambo wake umezima na analala na makoti mawili. Verlene ndiye aliyepokea, Verlene ndiye aliyeomba radhi. Royce alikuwa Tennessee.

"Unakwenda jimbo jingine kutafuta pombe ya kwetu?" Verlene alimuuliza aliporudi.

"Jamaa kaniambia duka fulani huko linayo."

"Walikuwa nayo?"

"Walikuwa nayo jana."

"Na mtambo wa Bi Maybelle?"

"Mke wangu, usinipigie kelele. Hii yote ni kwa ajili ya Tessa."

Hapo ndipo maudhi yanapoanza, wasikilizaji wangu. Mlevi angalau anajua anakunywa kwa ajili yake mwenyewe. Huyu hakuwa mlevi. Hata tone hakuwa amelitia mdomoni. Alikuwa na chupa kumi na moja kabatini za wiski nyingine, zote zimefungwa, zote zimepangwa sura mbele, na ole wako uziguse hata kuzifuta vumbi. Na kila uzembe alioufanya aliubandika jina la binti yake.

Siku moja Verlene, ambaye ni mpishi wa shule, alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa jiko akipokea vyakula. Lori jeupe lisilo na maandishi likaingia kinyumenyume. Nyuma yake, pikapu ya mumewe.

Royce akashuka mbio, kofia imeenda upande. "Mnashusha nini humo?"

Dereva akamtazama. "Kuku."

"Kuku gani?"

"Waliogandishwa, bwana. Kuna kuku wa namna nyingine shuleni?"

"Royce!" Verlene aliita kutoka mlangoni.

Alipogeuka na kumwona mkewe na aproni yake, uso ulimshuka. Alikuwa amelifuata lori lile tangu barabara kuu, akiamini madereva wa Cutshaw wanajificha kwenye magari yasiyo na jina. Wapishi wenzake Verlene walicheka mpaka wakashikilia meza. Kuanzia siku ile, kila kuku wakifika, mmoja wao alikuwa hakosi kusema, "Verlene, mwite shemeji, pombe yake imekuja." Verlene alicheka nao mara ya kwanza tu.

Siku ya kuzika ilipokaribia, chupa haikuwa imepatikana. Verlene alipita kituo cha mafuta akanunua ile ya kawaida, akaitia kwenye mfuko wake wa jikoni, akanyamaza. Kisha akamkalisha mumewe chini.

"Jumamosi mimi nitakuwa shambani kwa Baba tangu asubuhi na Tessa. Wazazi wa Colby wanakuja. Kazi yako ni moja. Saa tatu umchukue Baba, umvike koti lake zito, umlete. Hakuna jingine. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Saa tatu, koti zito, shambani. Mimi si mtoto, Verlene."

Jumamosi ilianza na baridi kali, majani yote yana umande ulioganda. Shimo lilichimbwa chini ya mti wa jozi. Wakwe walifika na sahani zao za keki. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Tessa alikuwa anatazama barabara, anarudi kupanga viti, anatazama tena barabara. Royce hapokei simu.

Verlene akapiga nyumba ya wazee. Muuguzi akashangaa. "Mzee? Alichukuliwa alfajiri, dada. Mkwewe alisema wana safari."

"Safari ya wapi?"

"Hakusema. Hata koti alilisahau, liko hapa mlangoni."

Colby ndiye aliyegundua. Binamu yake alikuwemo kwenye lile kundi la wawindaji, akamtumia picha iliyokuwa ikichekesha watu asubuhi nzima: foleni ndefu nje ya duka la pombe la kaunti jirani, na katikati yake mzee mwembamba kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa turubai la pikapu. Chini yake mtu ameandika, "Huyu naye anawinda!"

Verlene aliinuka. Alichukua funguo.

Niwaambie kwa nini mzee alikuwa pale, ili hasira yenu ikae mahali pake. Lori la Cutshaw lilikuwa limefika kweli, na duka lilitangaza sharti: kichwa kimoja, chupa moja. Royce peke yake angepata chupa moja, na moja ndiyo iliyohitajika. Angeweza kupanga foleni mwenyewe na kumwacha mzee wa watu alale hadi saa tatu. Lakini alitaka mbili. Moja ya kuzika, moja ya kabati. Akahesabu vichwa vya ukoo, akaona hicho kimoja hakina kazi.

Verlene alifika wakati duka ndiyo kwanza limefunguliwa na Royce anatoka, uso unang'aa. Chupa yake ameikumbatia kifuani. Mkono wa pili unasukuma kiti, na mapajani mwa mzee imelala chupa nyingine.

"Mke wangu! Tumepata! Mbili!"

Verlene alimpita. Alipiga magoti mbele ya kiti. Midomo ya baba yake ilikuwa ya buluu na vidole vyake baridi kama chuma cha nje.

"Baba. Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya jua," alisema mzee, meno yake yakigongana. "Aliniambia tunapita tu. Tessa ananingoja?"

"Anakungoja, Baba."

"Duka lenyewe liko njiani," Royce alidakia. "Nilijua nitawahi kote kuwili. Ni wao waliochelewa kufungua! Baba, lete hiyo nikushikie isije ikaanguka."

Mzee Hershel aliikumbatia chupa. "Hii ni yangu. Kichwa changu ndicho kilichoipata."

Na pale pale, mbele ya foleni nzima, akaizungusha na kung'oa kizibo.

Royce alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. "Baba! Hiyo haifunguliwi!"

"Pombe haifunguliwi?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa mnaifanyia nini?" Akamgeukia kijana aliyesimama nyuma na kikombe cha kahawa. "Lete kikombe, mwanangu. Umeganda na wewe."

Akammiminia. Akammiminia na mwingine, na mama mmoja aliyekuwa na mablanketi. Wengine waliona aibu, wakanywa wakitazama chini. Yeye mwenyewe akaonja kidogo, akafikiri.

"Nzuri," alisema. "Lakini si ya kumtoa mtu kitandani. Verlene, nipeleke shambani."

Verlene alimpeleka, au alianza kumpeleka. Walipofika njia panda mzee alikuwa ameacha kutetemeka, na Verlene alijua kwamba huko si kupona. Akakata kulia, kuelekea hospitali.

Chupa ilizikwa jioni, kwa kuwa siku ilikuwa lazima iwe ile ile. Ilikuwa ya kituo cha mafuta. Tessa aliishusha mwenyewe akilia, maana aliyestahili kuishusha alikuwa amelala na mrija puani. Royce alifika na Cutshaw yake mkononi, akakuta shimo limeshafukiwa.

"Ifukueni tuweke hii," alisema.

Tessa aliendelea kushindilia udongo kwa mguu. Hata mama yake Colby, mwanamke mpole asiyemjua vizuri, aligeuka akamwonyesha mgongo.

Nimonia ilimkalia mzee siku chache tu, ikamchukua. Mara ya mwisho kuzungumza alimuuliza Verlene, "Mliigeuza kichwa chini?"

"Tuliigeuza, Baba."

"Mkono wa nani?"

"Wa Tessa."

Alifumba macho. "Ilikuwa zamu yangu," alisema, na hakulalamika zaidi ya hapo. Verlene mpaka leo anatamani angelalamika.

Siku ya harusi mbingu zilikuwa nyeupe, bila hata wingu. Verlene alilikasirikia hata jua. Tessa alipita katikati ya viti akiwa ameshika mkono wa mama yake. Baba yake, Royce, alikuwa ameoga, amenyoa, amekaa mstari wa pili alikoonyeshwa. Baada ya kiapo, Colby alifukua chupa, ikapanguswa udongo, ikazunguka kwa watu wote, na kila aliyekunywa alilitaja jina la Hershel.

Ndipo Royce aliposimama na Cutshaw yake. Aliiweka katikati ya meza. "Nimeileta ifunguliwe," alisema. "Leo ifunguliwe. Tafadhalini."

Watu walitazama sahani zao. Bi Maybelle alifunga kifungo cha koti lake. Tessa alimwendea baba yake, akaichukua ile chupa kwa mikono miwili, akamrudishia kifuani pale pale alipozoea kuikumbatia.

"Kaa nayo, Baba," alisema. "Ndiyo uliyoitaka."

Iko kabatini hadi leo, sura mbele, imefungwa. Royce anaogopa kuifungua na anaogopa kuitupa. Wawindaji wenzake wakija humwambia ana bahati.

FUNZO

Ndugu zangu, sikuwaambia haya ili mwache wiski. Wengi wenu hamnywi, na wanaokunywa hawatanisikia. Nawaambia habari ya kuwinda. Kitu kikiadimika, chochote kile, kina uchawi wake: kinamfanya mtu aone watu wake na wazee wake kama vichwa vya kupangia foleni. Na jihadharini zaidi na mtu anayesema "nafanya hivi kwa ajili yenu" huku nyinyi hamkumwomba. Mwulizeni tuliomba nini. Katika nyumba ile aliyeomba alikuwa mmoja, na aliomba asubuhi moja ya Machi, ambayo haikuadimika na haikuwa na foleni. Mpe mtu wako kile alichokuomba, siku aliyokuomba, na umvike koti.