Mvumo Chini ya Albamu

Hebu niambie: umewahi kumtumia mtu albamu yenye nyimbo sita, naye akakujibu kwamba wa saba ndio uliomkosha?

Digrii alicheka aliposoma ujumbe huo. Ilikuwa Ijumaa, saa sita kamili, jua liko utosini, na aliyeuandika ni mdogo wake, mshonaji wa sare za shule, binti anayehesabu vifungo mia mbili asikosee hata kimoja. Angejiuliza. Lakini nani hujiuliza Ijumaa?

Digrii alikuwa msichana mwenye shahada ya mawasiliano, daraja la kwanza, na jina hilo alibandikwa na walinzi wa getini kwa kejeli. Mwaka wa tatu huo alikuwa "anajitolea" kwenye ghala la kanda la kituo cha redio. Chumba kiko chini ya ardhi, hakina dirisha, na kinanuka siki, maana kanda za zamani zikianza kuoza hutoa harufu hiyo. Kujitolea! Neno tamu la kumwambia mwenye njaa afanye kazi huku anatabasamu. "Unapata exposure, unajulikana," Mkurugenzi humwambia, kana kwamba exposure hutiwa chumvi ikalika.

Kilichomshikilia pale ni Ijumaa tu. Kila Ijumaa watu wa ghalani waliandika ubaoni albamu walizosikiliza wiki hiyo, wakapeana, wakatukanana kwa raha zao. Fundi Mitambo, mzee aliyekuwemo humo tangu vyombo vilipokuwa na taa za balbu, aliandika albamu ileile kila wiki.

"Mzee, hii umeoa?" Digrii humtania.

"Nimeoa, na sina mpango wa kuongeza. Wewe je, unabadilisha kila wiki, huogopi magonjwa?"

Kisha Digrii humtumia mdogo wake zile bora, azisikilize akiwa kwenye cherehani.

Wiki hiyo Digrii aliandika albamu aliyoisafisha kwa mikono yake. Aliikuta kandani, ndani ya bati lililofungwa kwa uzi mweusi. Bendi imesahaulika, nyimbo ni sita, mwimbaji ni mwanamke mwenye sauti ya kukwangua moyo. Kasoro moja: chini ya kila wimbo palikuwa na mvumo mzito, usiokatika, kama nyuki ndani ya mtungi.

"Hiyo iache," Fundi alisema alipoliona bati.

"Kwa nini?"

"Iache tu, mwanangu."

Basi. Wazee wetu nao! Siri wanaziatamia kama kuku, zikianguliwa wanashangaa vifaranga vimetoka wapi.

Mkurugenzi alishuka ghalani mara ya kwanza kwa miezi minane, kitambaa puani. "Hayo makelele ya chini toa. Watu wanataka sauti clean. Ijumaa iwe kwenye apu ya kituo." Digrii akakaa na kompyuta siku nne, hedifoni masikioni, akaung'oa mvumo uzi kwa uzi mpaka mwanamke akabaki peke yake, karibu kabisa, kama anakuimbia shingoni. Kanda yenyewe ikachomwe pamoja na zingine, Mkurugenzi akaamuru, kupisha viti vyake vipya. Ikachomwa, na nakala yenye mvumo haikubaki.

Jumamosi mchana Digrii alirudi nyumbani na uzi mweupe alioagizwa. Alipofika mlangoni akasikia cherehani. Akasikia pia harufu ya siki.

Hapakuwa na kanda chumba kile. Palikuwa na kitanda, meza, marobota ya vitambaa vya bluu, na simu ya mdogo wake juu ya mto, imeisha chaji tangu asubuhi, kioo cheusi. Mdogo wake alikuwa ameinama kwenye cherehani anakanyaga, anaimba.

"We," Digrii alinong'ona, "mbona unashona bila uzi?"

Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kwenye kitambaa kitupu, na kitambaa kilikuwa kimetobolewa matundu madogo mistari na mistari, na mistari ile ilifika ukingoni ikarudi, ikafika ikarudi, na sauti iliyotoka kwa yule binti haikuwa yake, ilikuwa sauti ya mtu mzima mwenye kukwangua moyo, ikiuvuta mstari mmoja wa wimbo, ikiuvuta bila kupanda wala kushuka, na Digrii, ambaye siku nne alihesabu kila pumzi ya mwanamke yule kwenye kompyuta, akaanza kungoja pumzi, akangoja, miguu ikikanyaga, midomo ya mdogo wake ikiingia rangi ya zambarau, macho yakimtoka, na pumzi haikuja.

Wimbo ukakatika ghafla. Binti akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Dada... nizibe mdomo."

"Nini?"

"Huu wimbo hauna mahali pa kupumulia. Nizibe, dada, unaanza ten—"

Ukaanza. Digrii akamziba kwa viganja viwili, na wimbo ukaendelea chini ya viganja, wazi kabisa, bila kufifia, na kwenye ngozi ya mikono yake hakuhisi hata chembe ya hewa yenye joto, ila mtetemo tu, kama wa spika, na halafu ule mdomo ukatabasamu ndani ya mikono yake na sauti ikasema, kwa adabu kabisa, bila wimbo kusimama:

"Ulinifunua. Kazi safi, mama. Ahsante."

Miaka mitatu kituoni hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Alimpigia Fundi.

"Mzee, mdogo wangu anaimba, haachi."

Mzee akauliza, polepole: "Wa saba?"

"Wa saba."

"Anapumua?"

"Hapumui, mzee, hapumui!"

"Weka simu sikioni kwake. Usiongee."

Kutoka kwenye simu ukaja mvumo. Nyuki ndani ya mtungi. Mdogo wake akalegea, akavuta hewa, akalia kama mtoto. Mzee yule alivuma hivyo njia nzima, mgongoni mwa pikipiki, mwendesha pikipiki akidhani amebeba kichaa, mpaka akaingia mlangoni bado anavuma, jasho linatiririka. Akamfundisha Digrii kwa ishara: mdomo umefungwa, sauti itoke kifuani, ukikata pumzi ukate kidogo. Digrii alipouweza, Fundi akanyamaza, akakaa sakafuni.

"Jini lilikuwa la yule mwimbaji, tangu utoto wake," akasema kwa sauti ya chini. "Mganga alishindwa kulitoa. Akakubaliana nalo liingie kwenye nyimbo, na juu yake akaweka mvumo. Siku tatu studio, anavuma chini ya kila wimbo. Mimi ndiye niliyemshikia maikrofoni. Akaniambia huu ni mfuniko, usije ukaachanishwa na nyimbo, lenyewe litaimba wa saba."

Digrii alimtazama. Bado alikuwa anavuma, mdomo umefungwa. Machozi tu ndiyo yaliyouliza kwa nini hakusema mapema.

"Niliogopa mtanicheka," mzee akasema. "Nyinyi wasomi. Nisamehe, mwanangu."

Walijaribu njia ya mkato. Walirekodi mvumo kwenye simu, wakaucheza pembeni ya kitanda. Kutoka kifuani kwa binti kikatoka kicheko kidogo. Mvumo usiotoka kwenye kifua hai wala ndani ya nyimbo ni mfuniko wa pembeni, haufuniki chungu. Nje ya hapo ni watu wawili wapokezane kuvuma usiku na mchana, au mvumo urudi ndani ya albamu yenyewe, chini ya kila wimbo, na ile iliyosafishwa itolewe kwenye apu. Na ufunguo wa apu anao mtu mmoja.

Jumatatu Digrii alipanda ghorofa ya tano.

"Bosi, itoe ile albamu. Tunaomba studio siku tatu. Mdogo wangu anakufa."

"Itoke?" Mkurugenzi alikuwa akitikisa kichwa kufuata wimbo kwenye kompyuta yake. "Watu elfu arobaini, dada! Kila mtu anamtumia mwenzake. Wimbo wa saba ndio unaoongoza."

"Mimi nilisafisha nyimbo sita."

"Basi kuna bonasi." Akacheka. "Andika proposal, tutaipeleka kwenye kikao."

Nje ya mlango, katibu muhtasari alikuwa anapiga chapa. Alikuwa anaimba. Digrii alisimama mbele ya meza yake akingoja apumue, na vidole vya katibu huyo vilikuwa vinabonyeza kompyuta iliyozimwa, na midomo yake, chini ya rangi nyekundu aliyojipaka asubuhi, ilikuwa zambarau.

Digrii akafunga mdomo wake, akainama sikioni kwake, akaanza kuvuma. Mwanamke akavuta hewa, akashika meza. "Nimefanya nini?" akauliza. Lakini Digrii hana vifua viwili, na mdogo wake yuko nyumbani na mzee mmoja anayekohoa.

Leo ni Ijumaa, siku ya saba. Fundi Mitambo ana miaka sabini na mbili na mvumo wake umeanza kukatika katikati. Kila ukikatika, binti anafungua mdomo. Dirishani kwa jirani wa kushoto, tangu jana, kuna mtu anaimba.

Kwa hiyo Mkurugenzi, nanyi wajumbe wa bodi, sikieni. Hakuna anayewaomba ajira hapa, wala cheti. Itoeni albamu hiyo leo, kabla ya saa sita, kabla watu hawajaanza kutumiana ya wiki hii. Fungueni studio, mpeni mzee maikrofoni angali ana kifua. Na kama lazima mkae kikao, kikalieni chumbani kwa binti huyu, kwenye viti vyenu vipya, kandokando ya kitanda chake, mkipokezana kuvuma mmoja baada ya mwingine, mwenyekiti akianza.