Kisu Kipite Pembeni

Mtaani walimwita Bingwa, na jina lilimkaa. Redio zilizokufa alizifufua. Pasi zilizogoma alizirudisha kazini. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: neno "sijui" halikumtoka kinywani hata kwa dawa.

Asubuhi moja mama mkwe aliingia karakanani akihema.

"Mwanangu, mashine yangu ya kuangulia vifaranga imezimika. Mayai yote yamo ndani!"

Bingwa alimfuata nyumbani, akaifungua. Bodi ya umeme inayoongoza joto ilikuwa imeungua, na bodi za aina ile haziuzwi tena.

"Kaka atatuchorea nyingine," alisema mke wa Bingwa. Kaka yake alisomea kazi hiyo, na aliishi mji mwingine.

Jioni shemeji alituma faili za mchoro kwa simu, na ujumbe: "Shemeji, unajua kuzigeuza ili mashine ya kuchonga izielewe?"

"Hiyo kazi ndogo," Bingwa alijibu. Kazi ndogo! Jamani, mdomo huo.

Jirani yake, Mama Vibao, alichonga vibao vya majina kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Kulipokucha alimruhusu Bingwa aitumie, naye akaenda kuhudumia wateja. Programu ya kugeuza faili ilimuuliza Bingwa: kisu kifuate mistari, au kiizunguke? Bingwa hakujua. Akachagua kifuate. Kisu kikalia juu ya kibao kilichofunikwa kwa shaba, bodi ikatoka inang'aa. Alipoipima, umeme haukupita popote. Akachonga ya pili. Ikawa yaleyale.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameyafunika mayai kwa blanketi, na kuyazungushia chupa za maji ya moto. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Vipi, mwanangu?"

"Mama, kosa si langu. Faili za shemeji ni mbovu."

Maneno yalimtoka kabla hajayatafuna. Palepale mama alimpigia mwanawe simu.

"Nimekusomesha kwa jasho langu! Leo unashindwa kumchorea mama yako kibodi?"

Kijana alianza kujieleza. Mama akamkatia simu, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Bingwa alitazama miguu yake. Alitaka kusema, "Ngoja, mama." Badala yake akachukua bodi zake, akatoka.

Alirudi kwa Mama Vibao kichwa chini. Mama Vibao aliishika bodi, akaigeuzageuza, akacheka.

"Bingwa, umetupa ndizi ukabaki na maganda! Uliiambia mashine ifanye nini?"

"Ifuate mistari."

"Ndiyo maana. Hii faili si njia ya kisu. Ni picha ya shaba inayotakiwa kubaki. Umeme utapita hapo. Wewe umeikata shaba yenyewe!"

"Sasa kisu kipite wapi?"

"Pembeni. Kiizunguke kila njia ya umeme, ili isigusane na mwenzake. Unaiambia programu upana wa kisu, nayo inaandika hatua: nenda hapa, shuka, kata, inuka. Hizo hatua ndizo mashine inazifuata."

Alifungua faili nyingine, iliyojaa vidoti.

"Haya ni matundu ya kupitishia miguu ya vifaa. Mchoro umechorwa kama unavyoonekana kwa juu, ila shaba yetu iko upande wa chini. Ukiigeuza bodi, kushoto kunakuwa kulia. Kwa hiyo tunapindua picha ya shaba na ya matundu, kama ninavyochonga muhuri. Na zote zianzie kona moja, la sivyo tundu litaangukia kando. Halafu itazame picha kwenye kioo cha kompyuta kabla hujakata. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Mficha uchi hazai, jirani yangu."

Bingwa hakucheka. Kumbe faili zilikuwa nzima tangu mwanzo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bodi ya tatu ilipitisha umeme. Bingwa alichomelea vifaa, akaifunga, na taa ya mashine ya mama ikawaka. Joto likapanda. Mama mkwe alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye mwanangu. Yule mwingine kaniangusha."

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi.

"Mama, usinisifu. Faili zilikuwa sawa. Mimi sikujua kuzigeuza, nikaogopa kusema. Nimemsingizia shemeji."

Mama aliuachia mkono wake. Mke wa Bingwa alimtazama mumewe, kisha akatazama ukuta. Bingwa akatoa simu, akapiga, sauti ikisikika chumba kizima.

"Shemeji, kazi yako ilikuwa safi. Niliharibu mimi, nikakutupia wewe. Nisamehe."

"Mama yupo hapo? Amesikia?" kijana aliuliza.

Mama aliichukua simu.

"Nimesikia, mwanangu. Nisamehe na mimi."

Baadhi ya mayai yalikuwa yameharibika kwa baridi. Mengi yalianguliwa. Shemeji alisafiri kuja kuviona vifaranga, akala nao, akacheka nao. Mama mkwe alimkaribisha Bingwa mezani kama kawaida, ila alisema neno moja tu.

"Mayai ningenunua mengine, baba. Mwana ningemnunua wapi?"

Bingwa akamsogezea shemeji bakuli la mchuzi.

Kesho yake mteja alileta bodi ambayo Bingwa hakuwahi kuiona. "Hii unaiweza, Bingwa?"

Bingwa aliigeuzageuza. "Sijui," alisema. "Keti hapo. Nikaulize."