Meza ya Bibi Kararaina

Kila asubuhi Glenda Tulloch aliingia wodini akiimba. Ulikuwa nusu wimbo tu, maana maneno mengine hakuyajua. Alifungua mapazia, akatazama kama mvua imekatika kule kwenye vilima vya kondoo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha dirishani.

"Kia ora, Bibi," alisema. Ndiyo salamu ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile. Glenda hakuwa Mmaori, lakini alikuwa amefundishwa kuitamka vizuri.

"Kia ora, mwanangu," alijibu Bibi Kararaina. Kisha akageuza uso dirishani.

Glenda alianza kazi. Alivuta meza ndogo ya magurudumu, akaweka beseni la maji juu yake. Aliutoa mto mmoja chini ya kichwa cha Bibi, akauweka chini ya mguu wenye kidonda. Akafungua bandeji, akasafisha, akafunga upya. Mikono yake ilikuwa myepesi, na Bibi hakuguna hata mara moja. Alipomaliza, aliurudisha mto kichwani, akaipangusa meza kwa dawa mpaka ikang'aa. Halafu akakalia ukingo wa meza ili wapige soga kidogo.

"Usiku umelalaje, Bibi?"

"Nimelala."

"Leo kuna uji na mayai. Utakula?"

"Tutaona," alisema Bibi.

Hakula. Uji ulipoa ukashika ngozi juu. Mchana hakula, jioni alikunywa chai ya rangi. Alikuwa na kisukari, na kidonda kile hakikutaka kufunga. Dawa peke yake haikutosha. Alihitaji chakula, na chakula alikisukuma kando kwa ncha za vidole.

Glenda hakuelewa. Alileta supu, ikarudi. Alileta maziwa, yakarudi. Alidhani meno yanamsumbua, akayatazama. Meno yalikuwa mazima.

Jumapili alikuja Mereana, binti yake Bibi, kutoka kijijini kwao pwani, na sufuria imefungwa kwa taulo. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya nguruwe, viazi na mboga chungu za porini. Mereana alimsaidia mama yake kutoka kitandani mpaka kwenye kiti barazani, akampakulia mapajani. Bibi alikula mpaka akalamba vidole.

Glenda aliwaona, akapiga makofi kimoyomoyo. Kumbe ni hilo tu! Bibi anataka chakula cha kwao.

Kesho yake aliwabembeleza watu wa jikoni mpaka wakachoka naye. Walichemsha nguruwe na mboga. Glenda mwenyewe alilibeba bakuli. Alisogeza beseni la kuoshea mguu kando kidogo, akatua bakuli mezani likifuka moshi.

"Haya, Bibi. Nguruwe huyo."

Bibi Kararaina aliliangalia bakuli. Aliliangalia na beseni. Machozi yakamlengalenga. "Ahsante, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nipeleke nyumbani."

Glenda alisimama pale kama aliyemwagiwa maji baridi. Alikuwa amekosea wapi?

Siku hiyohiyo Daktari Fergus alikuja kuutazama mguu. Alimvuta Glenda kando.

"Bado hataki kula?"

"Hataki, Daktari. Ila cha binti yake alikula."

"Labda akili imeanza kumtoka. Wazee huwa hivyo." Daktari alikuna kidevu. "Nitamtazama tena Ijumaa. Kidonda kisipoanza kufunga, mguu itabidi tuukate. Na akienda nyumbani hivi, atapoteza zaidi ya mguu."

Glenda alishuka ngazi haraka mpaka chumba cha Ngaropi. Ngaropi alikuwa Mmaori, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wauguzi na madaktari namna ya kuwatunza watu wake bila kuwaumiza roho. Alikuwa mnene, mcheshi, na asiyependa haraka.

"Mafunzo yako hayafai," Glenda alisema kabla hajaketi.

"Karibu na wewe," alisema Ngaropi.

"Nimejifunza salamu. Nimejifunza wimbo. Beji ya mafunzo uliyonivisha ninayo hii hapa. Nampenda yule bibi kama mama yangu, na anakufa njaa mbele ya macho yangu. Nimekosa nini?"

"Umemuuliza?"

"Kila siku namuuliza kama atakula."

"Hilo ni swali lako, la chakula chako. Yeye mwenyewe ulimuuliza anaumia wapi?"

Glenda alikaa, akashika tama.

Asubuhi iliyofuata Ngaropi alikuja wodini, akasalimiana na Bibi, akavuta kiti. Walitafutana ukoo mpaka wakampata babu mmoja wa pamoja, na kuanzia hapo akamwita Bibi shangazi. Akamwangalia Glenda akifanya kazi yake yote, tangu beseni mpaka soga. Glenda alipokalia ukingo wa meza, alimwona Ngaropi akifumba macho, kama mtu aliyeumwa jino.

Huko nje ukumbini Glenda alimkabili. "Sema basi. Umeona kitu."

"Nimeona. Lakini nikikwambia mimi, utapata orodha yangu, na utaibandika ukutani. Kesho atakuja bibi mwingine na mambo yake, utakwama tena. Mgonjwa ndiye anayejua kama yuko salama mikononi mwako. Si wewe, wala si mimi. Mpigie simu binti yake aje, mketi wote pamoja, ndipo umuulize Bibi."

"Na asiponiambia?"

"Basi utakuwa umejua kwamba bado hajakuamini."

Maneno hayo yalimuuma Glenda. Hata hivyo alipiga simu.

Mereana aliomba ruhusa kazini, akaja alasiri. Alikaa kitandani akaushika mkono wa mama yake. Glenda alivuta kiti, akakaa chini kuliko wao.

"Bibi," alisema, "kuna kitu ninachokifanya kinakuumiza. Sikijui. Ningependa unifundishe. Hata kikiwa kibaya, sitakasirika."

Bibi Kararaina aligeuza uso dirishani.

"Mama, mwambie," alisema Mereana. "Mwambie kama unavyonisema mimi. Huko nyumbani mbona hunyamazi?"

Bibi alicheka kidogo, kisha akaanza.

"Mwanangu, wewe ni mtu mwema. Lakini juu ya meza hii unaweka maji ya kidonda. Unaipangusa, unaikalia. Halafu unaniletea uji papo hapo. Kwetu, mahali pa chakula hapakaliwi, na cha mwili hakichanganywi na cha kula. Na mto huu ni wa kichwa. Kichwa ndicho kitukufu kuliko mwili wote. Unauweka miguuni, kisha unanilaza juu yake. Usiku mzima silali."

Glenda aliitazama meza. "Lakini Bibi, mimi naisafisha kwa dawa. Hakuna hata kijidudu kimoja."

"Najua. Ninaona inavyong'aa. Nikupe chungu kipya cha kukojolea, hakijatumiwa na mtu. Utakunywa chai ndani yake?"

Glenda aliisukuma meza mbali na kitanda. Mereana aliangalia dari asicheke.

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Mume wangu alilazwa katika hospitali moja, zamani," alisema Bibi. "Aliwaambia jambo kama hili. Wakamwita mkorofi. Baadaye akiita, walikuja wakichelewa. Hakurudi nyumbani. Nikajifunza kunyamaza."

Glenda alilia. Hakujificha. Mereana hakujua mama yake alikuwa amelibeba hilo miaka yote, naye akalia. Bibi ndiye aliyewabembeleza wote wawili, na jambo hilo lilimkera.

"Basi, basi. Mtanilowanishia shuka. Nina njaa mimi."

Jioni hiyo Glenda alileta meza nyingine, ya chakula tu. Beseni alilihamishia kwenye toroli lake. Mto wa miguu aliuvika foronya ya bluu, wa kichwa ukabaki na foronya nyeupe. Bibi alikula sahani nzima ya viazi vitamu na samaki, akauliza kama kuna mkate.

Kesho yake Glenda alikuwa na woga mpya. "Bibi, naweza kugusa mguu? Bibi, naweza kufungua bandeji? Bibi, naweza kuweka mkasi hapa?"

"Mwanangu," alisema Bibi, "utaniuliza hata kama upumue? Mguu osha tu. Ukitaka kunigusa kichwa, hapo uliza."

Ijumaa Daktari Fergus aliutazama mguu, akasema tusubiri kidogo. Siku zikapita, Bibi akila na kulala. Kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni. Ngaropi alimwomba Bibi aje kwenye darasa la wauguzi wapya, awaeleze mwenyewe akiwa na binti yake. Bibi akakubali kwa sharti la keki. Wodi nzima ikapata toroli za beseni na foronya za rangi mbili.

Ikafika siku Daktari Fergus aliingia akitabasamu. Darasa la Ngaropi hakuwahi kulihudhuria. Alikuwa na kazi nyingi.

"Habari njema, Bibi. Mguu haukatwi. Wiki ijayo unarudi nyumbani." Akasema hivyo huku akikalia ukingo wa meza, kando ya sahani ya mkate.

Glenda alipumua kwa nguvu, akataka kusema. Bibi Kararaina aliinua kidole kumzuia.

"Daktari," alisema, "nimekusikia, na nashukuru. Sasa ondoa makalio yako mezani kwangu."

Daktari Fergus aliruka. Alimtazama Glenda aone kama ni utani. Glenda hakumsaidia. Alimsogezea kiti tu.

"Kaa hapo, mwanangu," Bibi alimwambia daktari. "Usiogope. Umekula?"

Akaivuta meza karibu, akamkatia kipande cha mkate.