Kanga Aliyetazama Kulia

Usijifanye hukuona. Wewe uliyeona kitu cha bandia kikiuzwa ukasema "si shauri langu", tulia hapo hapo usikie.

Kila asubuhi kabla ya shule, Aloyo alipiga muhuri sabuni za mama yake, Filda, katika kibanda chao sokoni Kalerwe. Muhuri ulikuwa kipande cha mti kilichochongwa picha ya ndege, kanga. Akiukandamiza kwenye sabuni mbichi, kanga alitokea akitazama kushoto. Miaka hiyo ya utawala wa wanajeshi, sabuni nzuri ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Watu wa Zaire walivuka mpaka kumfuata kanga huyo.

Asubuhi moja, Aloyo aliona kanga kwenye sabuni za jirani yao, Ochan. Alikodoa macho.

"Binti, chai bila sukari haina adabu," Ochan alicheka, akimtia mkononi kifurushi cha sukari. "Pumzisha macho."

Aloyo alinyamaza. Sukari wakailamba na mdogo wake nyuma ya choo.

Wiki moja baadaye Monique, mchuuzi wa kutoka Beni, Zaire, alisimama kibandani amefura kwa hasira, viganja vimebabuka, sanduku la sabuni miguuni pake. Nyuma yake alikuwa sajini mwenye bunduki, na nyuma ya sajini, Ochan.

"Mama Aloyo, kanga yako niliyoinunua kwa wachuuzi wa stendi imetuchoma! Kwetu nani atanunua tena?"

"Dada, sabuni yangu haichomi mtu," Filda alisema.

"Wewe mama, hapana kelele!" sajini alifoka. "Leta muhuri. Panda gari."

Soko zima lililijua gari lile. Waliolipanda, wachache walirudi.

Aloyo akanyakua kipande cha sabuni kutoka sandukuni mwa Monique. Akakitazama, akakitazama tena.

"Mama Monique, huyu anatazama kulia! Wetu hutazama kushoto!" Akaupiga muhuri kwenye sabuni mbichi, wote wakaona. "Mwizi alichonga kanga kama alivyomwona kwenye sabuni. Hakujua muhuri hugeuza picha." Akamgeukia mama yake. "Sabuni hizi niliziona kwa Ochan. Alinipa sukari ninyamaze."

"Mtoto anaota huyu!" Ochan alisema, lakini wanawake wa sokoni walikwisha kuvamia kibanda chake. Masanduku yalipinduliwa. Kanga wote, kulia!

"Afande," sauti ikatoka katikati ya umati, "na wewe ulipewa sukari kilo ngapi?"

Kicheko kikalipuka. Sajini aligeuka huku na huku asimwone msemaji. Gari lake moja lisingetosha kubeba soko zima. Akatema mate, akaondoka, akamwacha Ochan peke yake na wanawake. Ochan akamrudishia Monique pesa zake, na muhuri wake wa wizi ukaingia motoni, chini ya sufuria ya Filda.

Jasho lilipokauka, Filda alimshika binti yake bega. "Muhuri ule ni jina letu, mwanangu. Ochan aliliiba, sajini akamlinda, na wewe ukamshikia ngazi. Hongo ni hongo, hata ikiwa tamu. Umechelewa kusema, lakini umesema, ndiyo maana nimesimama hapa."

Na wewe je? Unangoja mama yako aambiwe apande gari? Inuka. Kachukue sabuni ya nyumbani kwenu, igeuze, itazame vizuri. Ukiona wizi, mtaje mwizi kwa sauti, sokoni, mbele za watu. Leo hii.