Jina la Wessel Chooni kwa Mama Hiltje

Wajukuu zangu, mnaosoma huku chai inapoa, nawatega: kitabu kisicho na hadithi, kinakaa chooni mwaka mzima, na asiyeandikwa humo hana keki. Ni nini hicho?

Msijikune vichwa. Huku kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kila nyumba inacho. Ni kalenda ya siku za kuzaliwa, inatundikwa chooni mbele ya macho ya anayekaa, ili asisahau ndugu. Na ndiyo hiyo aliyokuwa akiikodolea macho Wessel, mpeleka barua, Jumapili moja mchana, suruali ikiwa magotini.

Machi, tarehe kumi na nne. Siku yake. Jina lake halipo!

Mama Hiltje, mama wa Douwe, mwanamume anayependana na Wessel, ana sheria yake: aliyefunga ndoa na mwanawe anaandikwa kwa wino, mchumba kwa penseli. Miaka sita Wessel alikuwa wa penseli, na kila mwaka alicheka: "Mbwa Bouke ana wino, mimi penseli! Basi na mimi nitabweka." Leo hata hiyo penseli hakuna. Limebaki doa la raba.

Akatoa simu. Douwe alikuwa sebuleni, hatua nane tu, kati ya wageni waliokuja kumpongeza mama kwa kutimiza miaka sabini na tano.

"Nimefutwa," akaandika.

"Umefuta nini?"

"Mimi! Nimefutwa kwenye kalenda. Mamako ana neno na mimi? Au ni wewe?"

Simu ikalia: "Tutaongea."

Ah, neno hilo! Wessel akakumbuka wiki tatu zilizopita, wakimenya viazi. Douwe, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, mtu wa maneno kumi kwa siku, aliweka kisu chini akasema: "Wessel, tufunge ndoa?"

Na Wessel akajibu nini? "Shela atavaa nani? Mabega yako hayaingii!"

Douwe alitabasamu kidogo, akachukua kiazi kingine. Hakuuliza tena.

Mlango wa choo ukagongwa. Ko! Ko! Ko!

"Wessel! Umezama?" Alikuwa shangazi Geeske, dadake Mama Hiltje.

"Nasoma, shangazi!"

"Na mimi nataka kusoma, tena upesi!"

Akapandisha suruali, akatoka. Sebuleni viti vimepangwa duara, kila mtu na kikombe chake na kipande kimoja cha keki. Mzee Sietse, jirani, akamshika mkono, maana huku hapongezwi mwenye siku peke yake, wanapongezwa na wa kwake wote.

"Hongera kwa mama wa... wa... rafiki yako."

"Asante, mzee. Rafiki mwenyewe ananikoromea sikioni mwaka wa sita."

Duara likacheka. Mzee naye hakukoma: "Hebu niambie, kwenu mama wa nyumba ni nani?"

"Mashine ya kuosha vyombo. Sisi wote wawili ni watumishi wake."

Kicheko tena! Lakini Douwe hakucheka. Aliinuka na kikombe chake, akaelekea jikoni. Wessel akamfuata mbiombio.

"Douwe, unaniacha?"

"Mimi?"

"Jina langu liko wapi?"

"Sijui. Sijaingia chooni leo."

"Mbona unaandika 'tutaongea' kama daktari mwenye majibu mabaya?"

"Kwa sababu kila nikitaka kuongea, unachekesha watu."

Wessel akafungua mdomo. Mzaha ulikuwa tayari, akaumeza.

Mama Hiltje akaingia na kisu cha keki mkononi. "Mnagombana siku yangu?"

"Mama, nimekukosea nini?" Wessel aliuliza. "Umenifuta."

"Ehe, nimekufuta. Leo asubuhi, kwa mkono wangu."

"Mama!" Douwe akashtuka.

"Ngoja nimalize. Uliniambia kwenye simu umemuuliza mwenzio habari ya ndoa. Nikafurahi mno! Nikafuta penseli ili niandike kwa wino. Kalamu iko mkononi, wewe huyo unaingia na maua. Nikakuuliza, amesemaje? Ukasema, hajajibu." Akamgeukia Wessel. "Sasa nikuandike na nini, mwanangu? Penseli imefutika, wino hauandiki mashaka."

Wessel akakaa juu ya ndoo ya viazi. Kumbe!

"Nilidhani umekataa kwa adabu," Douwe akasema polepole. "Wewe utani wako sijui mlango ni upi, ukuta ni upi."

"Hata mimi sijui," Wessel akasema. "Shuleni nilijifunza kujicheka kabla hawajanicheka. Mwavuli wangu huo. Sasa hata jua likiwaka naufungua."

"Kwangu hakunyeshi, Wessel."

Choo kikavutwa maji. Shangazi Geeske akatokea mlangoni, nyuma yake mzee Sietse na duara zima, vikombe mkononi.

"Jamani, nimetazama Machi," shangazi akasema. "Huyu ni ndugu au si ndugu? Mwakani nimletee keki au nisimletee?"

Mama Hiltje akafuta kisu, akakiweka, akatoa kalamu ya wino mfukoni mwa aproni.

Douwe akapiga goti moja sakafuni, kati ya maganda ya viazi. "Nauliza mara ya mwisho. Tufunge ndoa?"

Wessel akatazama maganda, akatazama yale mabega. Mizaha mitatu ikampanda kooni, mmoja mzuri kweli kweli. Akaiacha yote ipite.

"Ndiyo," akasema.