Barakoa ya Kidevuni

Fundi aliamka na hasira zake. Mwanamke huyu alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na siku hiyo wateja walijaa. Wawili walikuwa wanakohoa.

Kando ya cherehani aliketi baba yake, akikata nyuzi kwa mkasi mdogo. Mwaka uliopita mapafu yalimlaza hospitali wiki tatu. Tangu hapo pumzi zake zilikuwa za shida. Daktari alisema mafua tu yanaweza kumrudisha kitandani.

Ukutani Fundi alikuwa ametundika barakoa alizozishona kwa mabaki ya vitambaa. Juu yake aliandika: "Bure. Ukikohoa, chukua." Hakuna aliyechukua hata moja.

"Kwani ni sheria?" aliuliza mwalimu mmoja, huku akikohoa.

"Si sheria, ni utu," Fundi alijibu. "Kama huna utu, nenda kashonewe kwingine."

Mwalimu alikunja kitambaa chake akaondoka.

Siku tatu baadaye, Mzee, baba yake Fundi, alianza kukohoa. Siku ya nne hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutweta. Zahanati ilimpa dawa, ikamwambia apumzike na arudi haraka akizidiwa. Fundi alichemka. Aliwalaani wateja wote, hakumwacha hata mmoja.

Jirani yao, muuguzi, alikuja kujaribu sare yake. Fundi alishusha barakoa yake mpaka kidevuni, akabana pini sita kwa midomo, akaanza kupima bega. Alivuta makamasi.

"Ngoja kwanza," alisema muuguzi. "Una mafua?"

Fundi alitoa pini. "Kidogo tu, dada. Tangu wiki iliyopita."

"Kabla ya Mzee kuugua?"

"Kabla."

"Na barakoa yako iko wapi?"

"Si nimeivaa?"

"Umekivalisha kidevu. Kidevu kinakohoa?"

Fundi alizitazama pini mkononi. Miaka ishirini alibana pini kwa midomo, kama alivyofundishwa. Kila alipopima mtu, barakoa ilishuka. Kisha aligeuka kuzungumza na baba yake, ana kwa ana, mdomo wazi. Hasira zake zote zikamrudia mwenyewe, na zilimuuma.

"Huenda ni mimi niliyemwambukiza," alisema kwa sauti ndogo. "Si ningemvalisha yeye tu?"

"Pumzi hazimtoshi, usimlazimishe," muuguzi alisema kwa ukali. "Ndiyo maana tuvae sisi tulio karibu naye, hasa anayekohoa. Nawa mikono kwanza. Ishike kamba zake, usiishike katikati. Ifunike pua na mdomo, na isiache nafasi pembeni. Ikilowa, badilisha. Ifue kwa sabuni kila siku. Na hilo dirisha umeliziba kwa nini?"

"Nimeweka vitambaa vyangu."

"Viondoe. Barakoa peke yake haitoshi, hewa ipite. Na ukiwa na mafua, kaa mbali na Mzee."

Siku hiyohiyo Fundi alishona kimto kidogo cha pini, akakifunga mkononi. Aliondoa vitambaa dirishani. Kisha alikwenda kwa yule mwalimu, barakoa ikiwa imefunika pua yake barabara, akaomba radhi.

Mwalimu bado alikuwa amenuna. Hata hivyo alirudi na kitambaa chake, akachukua barakoa moja ukutani.

"Naivaa kwa hiari yangu," alisema. "Si kwa sababu ya mdomo wako."

"Hata mimi," Fundi alijibu.

Baada ya wiki tatu, Mzee alirudi kwenye kiti chake, safari hii karibu na dirisha. Fundi alikuwa anapima suruali. Akajisahau. Mkono ukapeleka pini mdomoni, mwingine ukaishika barakoa.

Mzee aligonga meza kwa mkasi.

"Wewe mtoto, nimelala kitandani siku zote hizo nikihesabu mbao za dari, nimekunywa madawa machungu, nimelishwa uji kama mtoto mchanga, na leo hii unataka kunirudisha kulekule kwa ajili ya pini?"

Aliyasema yote bila kutweta hata kidogo. Fundi alirudisha pini kwenye kimto, akamwacha baba yake aendelee kugomba.