Itika Kila Sauti

Mgonjwa alikuwa anasikia, ila hakuitika.

Getrude, mpimaji wa masikio katika zahanati ndogo nyuma ya soko la Mpanda, aliziongeza sauti za mashine moja baada ya nyingine. Ndani ya kibanda chenye kuta nene, ambamo hata honi ya bajaji haipenyi, Minza alikaa na hedifoni kichwani na kitufe mkononi. Kila mlio ulipokuja alishtuka kidogo, macho yakamtoka, lakini kitufe hakukigusa.

Minza alikuwa mke wa mfugaji wa Kisukuma, kutoka upande wa Mishamo. Homa kali ilimharibu masikio akiwa mjamzito. Juzi mwanawe, Ndaki, alianguka kitandani usiku akalia mpaka sauti ikakauka, na yeye amelala palepale. Aibu na hofu ya siku ile ndizo zilizomleta mjini.

Getrude alifungua mlango, akainama karibu na sikio lake la kulia.

"Mama Ndaki, mbona hubonyezi?"

"Daktari, kananiita ka-sauti, mtu simuoni," Minza alinong'ona. "Kwetu ukiitwa na usiyemuona, hauitikii. Mama mkwe kanikataza kabisa."

Getrude akacheka. Yeye mwenyewe kwao Usevya alilelewa na katazo hilohilo, lakini shule ilikuwa imempa kiburi, na sikio la kufa halisikii dawa.

"Humu hamna mtu, ni mashine tu. Itika kila sauti, hata iwe ndogo vipi."

Basi Minza akaitika. Sikio la kulia lilikuwa na nafuu. La kushoto lilikuwa limekufa: ile sehemu ya ndani iliyojikunja kama konokono haikupokea chochote, hata mlio wa juu kabisa. Getrude alisikitika, akazima mashine.

Taa inayoonyesha kitufe kimebonyezwa ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena.

Alipofungua mlango alipokewa na harufu ya pembe ya ng'ombe iliyoungua, nzito, na baridi ambayo Mpanda haina mwezi wa kumi. Minza alikuwa anatabasamu.

"Kaniuliza kama nataka kusikia. Nikabonyeza."

"Nani?"

"Huyu wa kushoto. Kaniuliza kama achukue kwa wa karibu. Nikabonyeza pia. Si umesema niitike kila sauti?"

Getrude akampima upya. Masikio yote mawili yalisikia mlio mdogo kuliko yote. Aligeuka, akanong'ona jina lake, na Minza akajibu "Abee!" huku akilia kwa furaha.

"Wabeja sana, daktari! Sasa nitamsikia mwanangu!"

Ndaki alikuwa kwenye benchi nje, kapakatwa na Marsela mfagizi. Marsela alipoinuka, beseni la bati lilimponyoka likapiga sakafu, watu wote wakaruka. Mtoto alikuwa macho, anachezea upindo wa khanga, na hakupepesa jicho.

Getrude alipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, akabamiza mlango, akagonga beseni lile kwa kijiko mpaka wagonjwa wakalalamika, huku ile harufu ya pembe ikiwafuata kutoka kibandani, na Minza akiita "Ndaki! Ndaki, mwanangu!" kwa sauti iliyozidi kupanda, na mtoto akiendelea kuchezea khanga kana kwamba duniani hamjawahi kuwa na sauti.

"Nirudishe ndani," Minza alisema, akimchukua mwanawe. "Nitamwambia achukue changu, amrudishie."

Wakaingia wote watatu. Minza akavaa hedifoni, akampakata mwanawe, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, anaomba kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na taa ikawa inawaka na kuzima.

"Hanijibu," alinong'ona. "Daktari, mbona haniiti tena?"

Ndipo Ndaki akaiachia khanga. Aligeuza shingo taratibu kuelekea kona tupu ya kibanda, akatulia kama mtu anayesikiliza, akacheka, halafu akaitika.